Mpaka Mafuta Yapoe

Meneja wetu hakuwa na haja na majina. Ukiingia jikoni kwake siku ya kwanza alikutazama toka kichwani hadi kwenye viatu, akakubandika jina alilotaka yeye, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye beji ya kifuani. Mvulana mrefu wa kupanga baga alikuwa Ndizi. Msichana wa kaunta alikuwa Betri, kwa kuwa akisimama kidogo tu anasinzia. Mimi aliniuliza kama nasoma, kama nakaa na wazazi, kama naogopa moto. Yote niliyajibu kwa kichwa. Akacheka.

"Huyu ni Kimya," akawaambia wenzangu. "Nawapenda wa aina hii. Hawaniletei maneno."

Naye tulikuwa tumempa lake, la nyuma ya mgongo: Chapchap. Neno hilo alilirusha kutwa nzima kama mtu anayefukuza kuku. Chapchap viazi! Chapchap kaunta! Hata ukienda msalani ungemsikia nje ya mlango akipiga makofi.

Jikoni hapakuwa na aliyefikisha miaka kumi na minane. Wakubwa hakuwataka. "Mtu mzima ana mgongo, ana mke, ana maswali," alikuwa akisema. "Mtoto ana miguu."

Kabla sijaja, kwenye fraya alisimama msichana aliyeitwa Chiriku, maana alianza kuongea anapofunga aproni na kunyamaza anapoivua. Chiriku ni dada yangu, tumbo moja. Chapchap hakulijua hilo. Dada kamfuata baba, mrefu, mwenye mwanya. Mimi nimemfuata mama, mfupi, mashavu kama nimeficha kitu mdomoni. Ukituona njiani tumeongozana ungedhani mmoja kapotea akamwomba mwenzake amwelekeze.

Fraya ni mtambo wa kukaangia viazi na kuku: sanduku la chuma lenye mafuta tele, na chini yake bomba la kuyatolea. Mafuta yakishachoka yanabadilishwa, na pale kwetu yalibadilishwa alasiri, zamu ya asubuhi ikitoka na ya jioni ikiingia. Ubavuni mwa mtambo kuna kibandiko chenye maagizo: mafuta yaachwe yapoe kwanza, na mtoto asiyaguse. Lakini kusubiri yapoe ni kukaa bila chipsi kwa muda mrefu, na Chapchap hakupenda kuona kaunta bila chipsi. Kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Kwanza tunaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, kuonyesha kwamba tumeshatoka kazini. Kisha tunarudi jikoni, tunafungua bomba mafuta yakiwa bado yanatoa moshi, tunayakinga kwa ndoo ya chuma, tunapitisha mpini wa ufagio kwenye mshikio, na wawili wanaibeba hadi kwenye pipa la nyuma. Mbio mbio.

Siku ile dada alikuwa akibeba na Ndizi. Chapchap akamwita Ndizi kaunta, foleni imekuwa ndefu. Ndizi akauacha mpini. Dada akasimama na ndoo, hajui aiweke wapi.

"Unangoja harusi? Chapchap!"

Akaibeba peke yake. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Sitaeleza mkono wake ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba hospitali ilibidi mkono wa sare ukatwe kwa mkasi, na vipande vingine vya kitambaa havikutaka kutoka.

Chapchap alikuja nyumbani na maboksi ya kuku; mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hakuniona. Akamwamkia mama kwa adabu zote, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akapangusa macho. "Mama, nasikitika sana. Alikuwa anacheza. Redio imewashwa, yeye na ndoo, anacheza. Si unamjua mwenyewe?"

Na kweli mama alimjua. Dada alicheza akiosha vyombo, akipiga mswaki, akisubiri maji yachemke. Mama akatikisa kichwa kwa huzuni. "Wengine ulimi huponza kichwa," akasema. "Mwanangu mimi, miguu imeponza mkono."

Lile neno likakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga. Jirani akiuliza, mama anajibu: alikuwa anacheza. Shangazi akipiga simu: alikuwa anacheza. Mwishowe dada mwenyewe akawa anasema hivyo, tena kwa haraka, kabla mtu hajauliza. Siku moja nilimshika peke yake.

"Dada, ulikuwa unacheza kweli?"

Alivuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole. Tangu aungue alivaa sweta hata jua likiwaka. "Labda," akasema. "Si kila mtu anasema hivyo?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba. Mimi ni msichana wa aibu. Nikitumwa dukani nafanya mazoezi ya kuongea njiani. Sijawahi kumtukana mtu. Lakini pale nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, niliapa kwamba Chapchap atalirudisha lile neno kwa mdomo wake uleule. Na kama akiungua katika kulirudisha, basi, aungue.

Shule zilipofungwa nikaenda kuomba kazi.

Mama alisema ni vizuri, nitajifunza maisha. Dada aligeukia ukutani. "Ukirudi usinisogelee na hiyo harufu," akasema, na tangu siku hiyo hakuniambia neno lingine. Chiriku wa watu, kanyamaza. Kila nilipotoka kazini niliosha nywele kwa sabuni ya kufulia, na bado nikiingia chumbani alikuwa akibeba mto wake na kuhamia kwa mama.

Nilikuwa na sababu ya kuvumilia. Dada mwenyewe, zamani alipokuwa akiongea, alikuwa ametuhadithia habari za Siku ya Kofia.

Mwenye mgahawa, ambaye sote tulimwita Tajiri, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mpenda picha. Kila mwaka, siku ya kuadhimisha kufunguliwa kwa mgahawa, alifanya mchezo. Meneja huvua kofia yake nyekundu na kumvisha mfanyakazi mmoja. Mpaka jioni, mwenye kofia ndiye bosi. Meneja anavaa aproni, anatii kila anachoambiwa, na anajibu "Ndiyo, bosi." Familia zinaalikwa, wateja wanacheka, Tajiri anapiga picha. Na anayechagua wa kumvisha kofia ni meneja mwenyewe.

Chapchap hakuwa mjinga. Alichagua asiye na madhara. Mwaka uliotangulia alimvisha Betri. Betri aliagiza soda, akaletewa, akasinzia nayo mkononi.

Kwa hiyo nilijua ninachotakiwa kuwa. Wanasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mimi si simba. Hata jogoo wa jirani ananikimbiza. Lakini mwendo wa pole naujua. Chapchap alinisimamisha bila kunipumzisha, nikasimama. Aliniwekesha kidole kwenye mashine ya mahudhurio na kunirudisha kusugua masufuria, nikasugua. Alinipeleka kwenye fraya, pale aliposimama dada, nikabeba mpini na Ndizi, moshi wa mafuta ukinipanda usoni, nikahesabu nyayo zangu moyoni na kumtazama Chapchap akipiga makofi. Kila alichonifanyia nilikiweka. Sikukiandika popote, chuki haihitaji karatasi.

Ndizi ndiye aliyenigundua. Tulikuwa nyuma, kwenye pipa.

"Wewe ni ndugu yake Chiriku."

Nikamtazama.

"Unashika mpini kama yeye. Kidole gumba juu." Akafuta jasho kwa bega. "Mimi ndiye niliyemwachia ndoo, unajua?"

"Uliitwa."

"Niliitwa, ndiyo. Ningesema sitaki, ningekuwa wapi leo?" Akajaribu kucheka. "Nyumbani, nimelala, mkono wa mwenzangu mzima."

"Nisaidie siku moja tu," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema mahali pale. "Siku hiyo, nikikaa chini, na wewe ukae."

Hakuuliza zaidi.

Kofia nilivishwa mimi. Chapchap alinivisha mbele ya watu wote, akaniinamia kwa mbwembwe. "Bosi wetu mpya, Kimya! Naomba msimwogope, anang'ata!" Watu wakacheka. Kofia ilikuwa kubwa, ikanishuka hadi kwenye nyusi. Ilinuka jasho lake.

Mama alikuwa meza ya mbele, kavaa gauni lake la kanisani, anaona fahari mpaka amesahau kunywa soda. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Asubuhi nilimwomba dada aje. Nilimwambia, simama hata mlangoni. Alijifunika shuka hadi kichwani.

Nilianza kidogo kidogo. Nikamtuma Chapchap kufuta meza. "Ndiyo, bosi!" Nikamtuma kupeleka trei. "Ndiyo, bosi!" Alikuwa mwigizaji mzuri, anapiga saluti, watoto wanakufa kwa kicheko. Jiko letu lilikuwa la wazi, limetengwa na wateja kwa kaunta tu, kwa hiyo kila kitu kilionekana.

"Hana jina," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Hapa kila mtu hupewa jina. Huyu ni Kobe."

Jikoni kukalipuka kicheko. Betri, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho, alichukua kalamu akaliandika kwenye beji na kumbandika. Tajiri alicheka mpaka akaishikilia kaunta. "Kobe! Geuka huku, Kobe, nikupige picha!"

Chapchap aligeuka. Tabasamu bado lilikuwepo, ila jicho moja lilikuwa limeanza kunitazama vizuri.

Nikamsimamisha kwenye fraya kukaanga viazi. Alasiri ikafika. Zamu ya jioni ikaanza kuingia. Nikatazama mlangoni, na dada alikuwa pale, na sweta lake, kajibanza kwenye mlango wa kioo kama mtu aliyepita tu. Mama alimwona akampungia mkono, amkalishe. Dada hakwenda.

Chapchap naye alimwona. Alimtazama dada, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilimwacha apige hesabu.

"Kobe," nikasema, "muda wa kubadilisha mafuta. Weka kidole."

"Nini?"

"Kidole. Kwenye mashine. Utoke kazini kwanza, ndipo uyamwage."

Vijana wa zamu mbili walianza kupiga makofi na kuimba, "Kidole! Kidole!" Wateja hawakuelewa, walicheka tu kwa kuambukizwa. Alienda akaweka kidole. Mashine ikalia. Alirudi akazima fraya, akaegemea meza, akakunja mikono.

"Haya bosi. Tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

"Yapoe."

"Chapchap," nikasema.

Wenzangu waliacha kucheka wote kwa pamoja, na redio ndiyo ikasikika.

"Kimya, mdogo wangu," akaninong'oneza, midomo haichezi, "usinifanyie hivi."

"Mpini ule pale. Ndoo ile pale. Fanya kama unavyotufundisha. Lakini utabeba peke yako, Ndizi nimemwita kaunta."

Ndizi akaenda kaunta bila kuitwa mara ya pili.

"Kobe, bosi kasema!" Tajiri akapaza sauti, simu yake juu tayari kwa picha. "Usituaibishe!"

Chapchap akaisogeza ndoo chini ya bomba. Akapiga magoti. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda toka kwenye mafuta, na nilimwona akiugeuzia uso pembeni. Akashika bomba.

Sitasema uongo. Nilitaka afungue. Huruma niliyozaliwa nayo, ile inayonifanya nimpishe sisimizi njiani, niliitafuta kifuani nikakuta mahali pake tu. Nilitaka yamrukie. Nilitaka mkasi upite kwenye mkono wa shati lake.

Akaliachia bomba kama aliyeumwa na nyoka. "Siwezi."

"Kwa nini?" Si mimi niliyeuliza. Ni Tajiri, bado akicheka. "Kobe, unaogopa mafuta?"

"Yataniunguza, Tajiri. Haya yametoka motoni sasa hivi. Lazima yapoe, imeandikwa hapa." Na akaonyesha kibandiko. Chapchap huyohuyo, kwa kidole chake, akakifuta mafuta kwa aproni ili tukisome vizuri.

"Na anayeyabeba peke yake," nikasema, "kwenye sakafu iliyopigwa deki, akiambiwa chapchap?"

Akaendelea kukifuta kibandiko.

"Nimekuuliza, Kobe."

"Anaweza kuteleza."

"Halafu?"

"Ataungua."

"Hata kama hachezi?"

Mama aliweka soda mezani. Niliisikia chupa ikigusa meza.

"Hata kama hachezi," akasema Chapchap.

"Sema kwa sauti. Yupo mtu mlangoni, hajasikia."

"Hata kama hachezi!" Alisimama, uso umelowa. "Hakucheza! Alikuwa amebeba ndoo, basi! Mnataka nini tena?" Kisha akamgeukia Tajiri, na hilo sikulitegemea. "Na wewe usinitazame hivyo. Ni nani aliyesema kaunta isikae bila chipsi hata dakika moja? Ni nani aliyeniambia, tafuta watoto, watoto hawajui sheria? Mimi ndiye niliyekwenda kwao na kuku. Lakini maneno ya kusema ulinipa wewe!"

Simu ya Tajiri ikashuka taratibu. Wateja wawili watatu walikuwa wameshainua za kwao.

Nilikuwa nimekuja kuchinja kuku mmoja, na sasa walikuwa wawili. Sikusikitika.

Dada aliingia. Alipita katikati ya meza, akafika kwenye kaunta, akavuta mkono wa sweta juu, mpaka juu kabisa. Hakumwonyesha Chapchap. Alimgeukia mama.

"Sikucheza," akasema.

"Mwanangu..." Mama alikuwa amesimama, kitambaa mdomoni.

"Nilikuambia siku ya kwanza, hospitali. Nilikuambia, mama. Halafu ukasema nilikuwa nacheza, nikadhani nimesahau."

Mama alitaka kumshika mkono, akaogopa, akamshika bega. Dada alimwacha amshike. Hakumwegemea.

Tajiri alipata sauti yake. Akapiga makofi na kutabasamu kwa meno ya mbele tu. "Wateja wetu wapendwa, mchezo umekwisha, soda ni bure leo! Zamu ya jioni, kazini. Wewe binti, lete hiyo kofia."

Nilihisi aibu yangu yote ikirudi, ikinipanda kutoka magotini. Watu wote wale, macho yote yale. Nilitaka kuivua kofia nimpe, niombe radhi, nikimbie. Dada akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe, alinitazama usoni.

"Kofia ni mpaka jioni, Tajiri," nikasema. "Sharti hilo uliliweka mwenyewe."

"Nimesema lete!"

"Kobe. Rudi kwenye fraya. Simama hapo, mkono kwenye bomba."

"Nisimame nifanye nini?"

"Usubiri mafuta yapoe."

Kisha nikakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye friji. Ndizi akaja akakaa, miguu yake mirefu ikaziba njia nzima. Betri akakaa. Zamu ya jioni wakatazamana, wakafunga aproni vizuri, wakakaa juu ya maboksi ya viazi. Hakuna aliyekuwa amewahi kukaa kwenye jiko lile. Tulikaa kama wageni wasiojua kama wamekaribishwa.

Kaunta ilikaa bila chipsi. Mtoto mmoja akaanza kulilia viazi, babake akambeba akatoka, na wengine wakafuata. Waliobaki walibaki kutazama. Tajiri alikuwa akipiga simu huku, akipiga simu kule. Alimwita Chapchap mjinga, akamwita muuaji, akamwambia kesho asikanyage pale. Chapchap hakwenda popote. Sijui kwa nini alitii. Labda alipomtazama Tajiri, kisha zile simu za wateja, kisha sisi, aliona pale kwenye fraya ndipo penye nafuu. Alisimama, mkono kwenye bomba, joto likimpiga usoni, beji ya Kobe kifuani.

Nilijua kesho yake sote tungefukuzwa. Betri alikuwa ameshaivua beji na kuizungusha kidoleni.

Dada akazunguka kaunta, akaingia jikoni, mahali ambapo harufu ile ilikuwa nzito kuliko nywele zangu. Alikaa pembeni yangu. Bega lake likagusa langu.

"Una harufu mbaya," akasema.

"Najua."

"Kama kuku wa jana."

"Na wewe na sweta lako. Kama mtu wa barafu."

Akacheka, mwanya ukaonekana. Kisha akaanza kuongea. Alimwuliza Ndizi kama bado anaogopa mende. Alimwambia Betri asilale, hii sinema haitarudiwa. Aliongea na kuongea, na jiko zima likamsikiliza.

"Naomba nikae," Chapchap akasema. "Miguu inaniuma."

"Mtoto ana miguu," dada akamjibu. "Wewe una nini?"

Baadaye akaomba maji. Ndizi alinitazama, nikatikisa kichwa kukataa. Nje, jua lilikuwa limeanza kuushuka ukuta wa mbele.

"Bosi," akasema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Nadhani yamepoa."

Niliinuka, nikaisukuma kofia nyuma ili nione vizuri. Nikakaribia mtambo, nikaweka kiganja juu ya mafuta bila kuyagusa, kama mama anavyopima kikaango. Joto lilikuwa la kuvumilika. Mtu angeweza kuyatoa bila kuumia.

Nikamgeukia dada. Alikunja midomo, akafikiri, akavuta mkono wa sweta juu zaidi ili upate hewa.

"Bado," nikasema.